Kabla sijasahau

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa nikidhani wanaokuandikia ni watu wasio na mtu wa kumweleza mambo yao. Leo nina mke, nina marafiki, na bado nimeshika kalamu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka 4. Dada yangu alikuwa na miaka 15. Sikumbuki lolote la mama isipokuwa mkono, mkono tu, unaonifunga vifungo vya shati, na hata huo sina hakika kama ni wa mama au wa dada. Dada ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyelia siku niliyooa. Kwa hiyo nikisema dada, wewe soma mama.

Kwa miaka mingi alinipigia simu kila Jumapili jioni. Hatukuwa na mazungumzo makubwa: watoto hawajambo, kazi je, mgongo je, haya lala salama. Miaka mitatu hivi iliyopita simu zake zikaanza kurefuka. Akawa ananiuliza mambo ya zamani. Yule jirani wa mlango wa buluu aliitwa nani? Ile nyumba ya kwanza tuliihama kabla sijaanza shule au baada? Nilimjibu nilichojua. Jumapili iliyofuata, jirani wa mlango wa buluu tena. Nikamwambia, "Dada, si nilikuambia wiki iliyopita?" Akacheka, akasema kichwa chake kimejaa mambo. Mara ya tatu nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Alikuwa na miaka 58, Shangazi. Alikuwa bado anakwenda kazini, anaendesha gari, anasuluhisha ugomvi wa ukoo mzima. Nani angewaza?

Jumapili moja akanipigia nikiwa na ripoti ya kazini iliyotakiwa asubuhi yake. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Katikati ya maneno mengine akasema, "Kabla sijasahau, kuna jambo la mama nataka nikueleze." Nikasema, "Sawa dada, nitakuja mwisho wa mwezi tulizungumze vizuri." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya, usichelewe."

Nilichelewa. Nilikwenda baada ya miezi minne, tena kwa ajili ya sherehe ya binamu yetu, nyumba imejaa watu. Hakulitaja. Nami sikuuliza, kwa sababu lilikuwa limenitoka kabisa. Mimi ndiye niliyesahau.

Mwaka jana mpwa wangu, binti yake wa pekee, akanipigia kuniambia kwamba mama yake amepotea akitoka kazini kurudi nyumbani, njia aliyoipita kwa miaka 20. Vipimo vikafuata, daktari huyu na yule, mpaka likatajwa jina: Alzheimer. Siku hiyo nilikuwemo chumbani. Daktari akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza anwani, "Dalili ya kwanza mliiona lini?" Mpwa wangu akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mimi nikamsikia dada sikioni: Kabla sijasahau. Maneno ambayo kila mtu huyasema bila kuyafikiria. Yeye alikuwa akiyamaanisha.

Hilo peke yake pengine ningeweza kuishi nalo. Lakini mwezi uliopita mpwa wangu akanionyesha daftari alilolikuta kwenye droo. Dada alikuwa akiandika majina ya watu na maelezo mafupi, nadhani ili asiaibike mbele yao. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya wiki kadhaa kabla ya simu ile. Kumbe alikwisha kujijua. Fulani, wa kazini, ana mapacha. Fulani, tuligombana, yamekwisha. Nikatafuta jina langu. Chini yake ameandika: "Mdogo wangu. Mcheshi. Usimwulize jambo mara mbili."

Sijui nimeusoma mstari huo mara ngapi.

Sasa kila nikienda namwuliza: Dada, ulitaka kuniambia nini kuhusu mama? Namshika mikono, namwangalia usoni, namsihi ajaribu. Siku nyingine hutabasamu. Siku nyingine hunidhania ni shemeji yake. Mara ya mwisho alilia, akafunika uso kwa viganja. Mpwa wangu anasema nikishaondoka mama yake hukosa utulivu usiku kucha, na ameniomba, kwa adabu, nisiulize tena. Nilimjibu kwa hasira kwamba hana haki ya kunizuia kumjua mama yangu.

Mke wangu anasema najitesa kwa jambo ambalo hakuna mtu angelijua. Rafiki yangu mmoja anasema dalili zilikuwa wazi kama mchana. Nani mkweli? Ningalijua, ningaliitupa ile ripoti, ningaliondoka usiku uleule. Na je, kuna maana yoyote kumwomba msamaha mtu ambaye kesho hatakumbuka kosa wala msamaha?

Mdogo Wake


Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma asubuhi nikaiweka, nikaenda zangu kwenye shughuli. Jioni nikaichukua tena, maana kuna mahali ulipopita mbio. Nitapafikia.

Tuanze na mke wako na rafiki yako. Mke wako ana ukweli mwingi, ingawa si wote. Rafiki yako anakosea kosa ambalo wataalamu walilipima zamani. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani alifanya safari mbili zilizosubiriwa na dunia nzima, ya Beijing na ya Moscow. Kabla hajaondoka, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza watu: mnaonaje uwezekano wa jambo hili kutokea, na hili, na lile? Safari zilipokwisha wakawarudia watu walewale, wakawataka wakumbuke walichokuwa wamebashiri. Wakakosea, na kosa lao likaelemea upande mmoja. Jambo ambalo sasa waliamini limetokea, walijiona walikuwa wamelitarajia zaidi kuliko walivyolitarajia kweli. Hawakuwa wakidanganya. Akili ikishaujua mwisho wa kisa hurudi nyuma kimyakimya na kuweka vibao njiani, halafu inashangaa kwa nini hukuvisoma.

Ndivyo unavyoikumbuka Jumapili ile. Leo maneno ya dada yako yanalia kama kengele. Siku ile hayakuwa na kengele yoyote; mimi mwenyewe leo nimeyatamka mara mbili, mara moja nikimwambia fundi bomba. Tena kwa miaka 58! Wengi wanaopata ugonjwa huu wamevuka miaka 65, na mwenye umri mdogo zaidi akianza kusahau, watu humwambia apumzike, apunguze mawazo. Lakini wapo wanaoupata mapema. Mgonjwa ambaye kwake Alois Alzheimer aliuelezea ugonjwa huu, bibi aliyeitwa Auguste Deter, alilazwa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Aliposhindwa kuandika jina lake alisema kwamba amejipoteza. Alikuwa akilijua linalompata, na wapo wengi kama yeye ambao mwanzoni huhisi kabla ya watu wa nyumbani, nao hujificha. Dada yako alikuwa na daftari, mwanangu. Mtu mwenye daftari la siri kwenye droo anafanya kazi kubwa ili usijue. Alifaulu. Aliwashinda nyote, pamoja na binti anayeishi naye.

Kwa hiyo kutotambua ugonjwa siwezi kukuhesabia.

Ila sitakudanganya ili ulale. Kiswahili kimewatengea wenye majuto kiambishi chao: -nge- kwa jambo ambalo bado lina nafasi, -ngali- kwa lile ambalo mlango wake umefungwa. (Siku hizi watu huvichanganya, nami nimechoka kugombana nao.) Wahenga nao wakasema ningalijua huja nyuma. Zile -ngali- zako ni halali. Ungaliondoka usiku ule, huenda leo ungelijua hilo jambo la mama. Kujua mapema kusingalimponya dada, kwa kuwa hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu. Kungaliwapa muda wa kuketi na kuzungumza, na muda huo umekwenda. Lilie hilo kama unavyolilia msiba, wala usimruhusu mtu akuharakishe.

Sasa nije pale ulipopita mbio.

Unasema hujui umeusoma mara ngapi ule mstari wa daftari. Mbona basi katika maswali yako yote haumo? Umeniuliza kuhusu Jumapili, kuhusu dalili, kuhusu ripoti. "Usimwulize jambo mara mbili" umeuweka katikati ya barua na kuuacha hapo kama mzigo wa mtu mwingine.

Nadhani najua sababu. Jumapili ile ni jambo kubwa lisilo na dawa, na jambo la namna hiyo mtu anaweza kulililia miaka 10 bila kulazimika kubadilika hata kidogo. Ule mstari ni jambo dogo lenye dawa. Unasema tu kwamba ulikosa subira na aliyekulea. Kwa hilo hukuhitaji cheti cha daktari. Hata angekuwa mzima, akiuliza jina la jirani kwa kuchoka au kwa upweke, au kwa kutaka tu mazungumzo yarefuke, ilikupasa umjibu mara ya tatu kama ulivyomjibu ya kwanza. Hapa ndipo mke wako anapokuonea huruma kupita kiasi. Hili ni lako.

Na sasa tazama mlivyobadilishana viti. Yeye alikuuliza jambo mara mbili, ukakereka, akaliandika asije akarudia. Wewe umemwuliza jambo moja mara ngapi? Kila ziara, kwa maelezo yako mwenyewe. Huku umeshika mikono yake na kumkazia macho, ukitaka kitu ambacho pengine hanacho tena, na yeye anaona usoni mwako kwamba ameshindwa.

Mpwa wako ameona sawa, na kuna uchunguzi unaomuunga mkono. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha, na wakati mwingine vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichokiona. Wengine hawakukumbuka lolote. Lakini hisia ilibaki, huzuni kwa waliohuzunishwa, furaha kwa waliofurahishwa. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba wale waliokumbuka kidogo kabisa ndio waliokaa na huzuni kwa muda mrefu zaidi. Nadhani naelewa kwa nini. Wewe na mimi tukiwa na huzuni tunajua ilikotoka, tunaweza kuijibu, kuisemesha, kuitania. Dada yako unamwachia machozi yasiyo na anwani, kisha unaingia kwenye gari.

Basi swali hilo lisimamishe. Kuanzia ziara ijayo.

Uchunguzi huohuo unajibu swali lako la msamaha. Ndiyo, mwombe. Maneno yatapotea, ila jinsi atakavyojisikia hakutapotea pamoja nayo, angalau si mara moja. Lakini usimpe hotuba. Usimrudishe kwenye simu ya miaka mitatu iliyopita, ripoti, sherehe na miezi minne. Hiyo ni hesabu yako, na ukimsomea atadhani ni mtihani mwingine. Keti karibu naye, mwite jina alilozoea kuitwa nawe, mwambie: niulize lolote, mara yoyote. Basi. Siku nyingine umwambie tena, kwa kuwa kwake itakuwa mara ya kwanza.

Halafu atakuuliza, mwanangu. Hapo ndipo nilipokuwa nikikupeleka tangu mwanzo. Simu ile imepita, lakini jirani wa mlango wa buluu bado yupo. Dada yako atauliza jambo mara mbili leo, mara nane kesho. Umeandika barua nzima ukilia kwamba nafasi imekuponyoka, na nafasi yenyewe inakugonga begani kila baada ya dakika tano ikikuuliza leo ni siku gani.

Kuhusu mama, sikwambii ukate tamaa. Nakuambia upitie mlango wa nyuma. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula mambo ya karibuni, ya utotoni hudumu zaidi. Kinachomshinda ni kuagizwa akayalete. Kwa hiyo usimwagize. Chukua picha za zamani, ziweke mapajani mwenu, usiulize "huyu nani?" Sema wewe: huyu nadhani ni mama, amevaa vizuri kweli. Imba wimbo aliokuwa akikuimbia, hata kama sauti yako ni ya kufukuza ndege. Simulia, na ukikosea usijali, kwani mtu anaweza kushindwa kujibu swali lakini asiweze kuvumilia hadithi iliyoharibiwa. Mpwa wako atakuambia saa zake nzuri. Wengi wenye ugonjwa huu huchanganyikiwa zaidi jua likielekea kuzama, nawe sina shaka huwa unafika jioni ukitoka kazini. Nenda asubuhi.

Litakalotoka, lipokee kama lilivyo. Akikuita shemeji, kuwa shemeji. Akichanganya mama na shangazi yenu, usimsahihishe. Andika, tarehe na maneno yake, uchambue ukiwa kwako. Na wapo wengine wa kuwauliza maswali ya kawaida, ambao kuulizwa mara mbili hakuwadhuru. Wazee wa rika la mama waliobaki, majirani wa zamani, na mpwa wako mwenyewe, ambaye huenda alisimuliwa jambo hilohilo miaka mingi iliyopita bila kujua kwamba wewe hulijui. Umewahi kumwuliza? Nadhani ulikuwa umemkasirikia.

Inawezekana usilipate kamwe. Inawezekana pia lilikuwa jambo dogo, kama wapi ilipo picha fulani, au mama alipenda kukuita nani. Ila ule mkono unaofunga vifungo vya shati umeniganda akilini. Mwelezee dada yako. Mweleze shati, rangi yake kama unaikumbuka, vidole vilivyokuwa vikihangaika na kifungo cha juu. Usimwulize mkono ni wa nani. Mwelezee tu, umwachie nafasi ya kusema au kunyamaza.

Kabla sijasahau: mpwa wako. Ulimwambia hana haki ya kukuzuia kumjua mama yako, ukamwambia hayo binti ambaye anampoteza wake kidogokidogo, mezani, bafuni, saa tisa za usiku. Hukuniandikia kama ana mtu wa kumpokea. Ukienda kumwomba radhi usiende na maneno matupu. Mwambie siku gani ya wiki utakaa wewe na dada yako kutwa nzima, yeye atoke, alale, afanye anachotaka, na usimpigie kumuuliza dawa ziko wapi. Muulize siku moja kabla, uandike.

Wala hukusema kama simu ya Jumapili bado ipo. Nahofia ilikufa kwa sababu ni yeye aliyekuwa akipiga. Namba yake unayo.

Shangazi